‘Stillborn’ si ‘bado hajazaliwa’: Neno moja kwenye karatasi ya hospitali na uzito wake Kilombero

Mtu aliyesoma Kiingereza cha shule anajua kwamba "still" ni "bado". Anajua pia kwamba "born" ni kuzaliwa. Akikutana na maneno hayo mawili yameunganishwa, "stillborn", ni rahisi sana kufika kwenye tafsiri hii: bado hajazaliwa.

Sasa weka neno hilo kwenye karatasi ya ruhusa kutoka wodi ya wazazi. Inaweza kuwa Ifakara mjini, Mlimba au ng'ambo ya mto kule Mahenge. Mama amerudi nyumbani mikono mitupu. Ndugu wanataka kujua kimetokea nini, na kijana mwenye simu janja ndiye anayepewa karatasi asome. Akisema "wameandika bado hajazaliwa", amewaambia wenzake kinyume kabisa cha kilichoandikwa.

"Stillborn" ni mtoto aliyezaliwa akiwa amekwisha kufariki. Kwa Kiswahili tunasema mtoto aliyezaliwa mfu.

Mkanganyiko huu hauishii kwenye lugha tu. Neno hili ndilo linaloamua kama mtoto anahesabiwa au hahesabiwi, mama anaulizwa nini kwenye mimba inayofuata, na wakati mwingine hata kama mtoto aliyekaa kimya kitandani anapewa nafasi ya kuvuta pumzi ya kwanza au anafunikwa kitambaa.

"Still" ilianza na utulivu

Katika Kiingereza cha zamani, "still" ilikuwa na maana ya kutulia, kutosogea, kunyamaza. Maji yaliyotulia ni "still". Picha isiyo ya video ni "still". Maana ya "bado" ilikuja baadaye, kutoka kwenye wazo hilo hilo: kitu kisichosogea kinaendelea kuwa pale pale, kwa hiyo bado kipo.

Kwa hiyo "stillborn" ni "aliyezaliwa ametulia". Hakulia, hakujitikisa. Ni neno la upole kuliko la kwetu. Kifaransa hakizunguki: "mort-né", yaani mfu aliyezaliwa, na ndugu zetu wa mashariki mwa Kongo waliopita shule za Kifaransa wanalijua. Kiswahili nacho kinasema wazi, mfu, kutoka kwenye kitenzi "kufa".

Neno hilo ni la siku nyingi. Shakespeare alikwisha kulitumia miaka ya 1590 katika moja ya tamthilia zake za wafalme, na hakuwa anazungumzia mtoto bali matumaini yaliyokufa kabla ya kuanza. Mpaka leo magazeti ya Kiingereza huita mpango ulioshindwa siku ya kwanza "stillborn". Ukiliona kwenye habari za siasa au biashara, usishtuke, hakuna mtoto hapo.

Neno linalomaanisha "bado hajazaliwa" ni lingine: "unborn". Huyo ni mtoto aliye tumboni, anayecheza, anayesubiriwa.

Na hapa Kiswahili kinawazidi Waingereza. Sisi tuna "hajazaliwa" na tuna "hakuzaliwa". Kile kisilabi "ja" kinabeba matumaini yote: hajazaliwa, lakini anakuja. "Hakuzaliwa" imefunga mlango. "Unborn" ya Kiingereza haina uwezo huo, inabidi uangalie sentensi nzima ndipo ujue kama mtu anasubiri au ameshakata tamaa.

Ila mtoto aliyezaliwa mfu haingii kwenye yoyote kati ya hayo mawili. Huyu amezaliwa. Mama alibeba mimba, alishikwa na uchungu, alisukuma, au alifanyiwa upasuaji. Neno "born" limo ndani ya "stillborn", na kwenye Kiswahili limo pia tukisema kwa ukamilifu, "aliyezaliwa mfu". Tukifupisha na kusema "mtoto mfu", kama tunavyofanya kila siku, sehemu ya kuzaliwa inadondoka na kinachobaki ni kifo peke yake.

Wiki 28 ndizo zinazobadilisha jina

Si kila mimba isiyofika mwisho inaitwa hivyo. Shirika la Afya Duniani, linapolinganisha takwimu za nchi mbalimbali, linahesabu mtoto aliyezaliwa bila dalili yoyote ya uhai akiwa na wiki 28 au zaidi tumboni. Hiyo ni takribani miezi 7 kwa hesabu ya wiki. Chini ya hapo, mtaani tunasema mimba imetoka au imeharibika.

Hapa kuna mtego kwa wanaotafuta majibu mtandaoni. Uingereza mpaka ni wiki 24. Walishusha kutoka 28 mwaka 1992. Marekani takwimu zao huanza wiki ya 20. Kwa hiyo mama wa Ifakara aliyepoteza mimba ya wiki 25 akisoma tovuti ya London ataambiwa amezaa mfu, akienda kliniki yake ataandikiwa kwamba mimba iliharibika. Mimba ni ile ile, kilichobadilika ni mstari.

Wiki 28 zimo pia kwenye sheria zetu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kosa la kuua mtoto ambaye angeweza kuzaliwa hai, inachukua mimba ya wiki 28 au zaidi kuwa ushahidi wa awali kwamba mtoto huyo angeweza kuishi. Sheria hiyo hiyo inaeleza lini mtoto anakuwa mtu anayeweza kuuawa: pale anapokuwa ametoka mwili mzima tumboni mwa mama akiwa hai, iwe amevuta pumzi au hajavuta, iwe kitovu kimekatwa au hakijakatwa.

Shika maneno hayo: iwe amevuta pumzi au hajavuta. Tutayahitaji mbele kidogo.

Herufi tatu kwenye rejesta

Mara nyingi hutaliona neno lenyewe. Utaona herufi. Kwenye rejesta ya wodi ya wazazi na kwenye karatasi za ruhusa, wahudumu huandika SB, FSB au MSB. Wakati mwingine IUFD, ikimaanisha mtoto amegundulika amefia tumboni kabla hajazaliwa.

SB ni mtoto aliyezaliwa mfu kwa ujumla. Ikiongezwa F mbele, ina maana ngozi ya mtoto bado ni nzima, dalili kwamba alifariki muda mfupi tu uliopita, pengine wakati mama tayari yuko kwenye uchungu. Ikiwa ni M, ngozi imeanza kubadilika au kubanduka, dalili kwamba moyo ulisimama mapema zaidi, kwa kawaida zaidi ya saa 12 kabla ya kuzaliwa.

Hii M ndiyo inayozalisha maneno mabaya uani. Shangazi anaambiwa mtoto "alikuwa ameharibika", habari inapita nyumba hadi nyumba, na kufikia jioni mama anatuhumiwa kunywa dawa, au jirani anatuhumiwa uchawi. Ukweli ni wa kawaida sana. Mtoto anaishi ndani ya maji ya uzazi. Moyo ukishasimama na mwili ukaendelea kukaa ndani ya maji hayo, ngozi hulainika na kubanduka. Ngozi hiyo inaeleza muda uliopita tangu moyo usimame. Haielezi nani kafanya nini.

Kwa mhudumu, F na M ni vidokezo vya wapi pa kutazama. M nyingi kwenye kituo zinamrudisha kwenye kipindi cha ujauzito: malaria, kaswende, shinikizo la damu na kifafa cha mimba, mtoto kutokua vizuri tumboni. F nyingi zinauliza maswali magumu zaidi ya saa za mwisho. Mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa mara ngapi? Uchungu ulikaa muda gani bila mtoto kushuka? Gari la wagonjwa lilipatikana saa ngapi? Kipimo cha kuangalia ngozi si sahihi asilimia mia, wataalamu wenyewe wanakubali, lakini kwenye kituo kisicho na vifaa vingi mara nyingi ndicho kilichopo.

Kwa dunia nzima swali hilo ni kubwa. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2020 ilikadiria watoto wanaozaliwa wafu kuwa karibu milioni 2 kwa mwaka, sawa na mmoja kila sekunde 16. Zaidi ya asilimia 40 kati yao walifariki wakati wa uchungu, kipindi ambacho mara nyingi mtoto anaweza kuokolewa akipata huduma kwa wakati.

Bonde, mto na saa za kusubiri

Yeyote anayelijua Bonde la Kilombero anaelewa neno "kwa wakati" lina uzito gani pale.

Ifakara ipo kaskazini mwa mto. Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Francis ipo hapo mjini na inapokea rufaa kutoka pande zote za bonde. Kwa miaka mingi mjamzito aliyetoka upande wa Ulanga au Malinyi alilazimika kuvuka kwa kivuko, na kivuko kina ratiba yake, kina ubovu wake na kina mto wake. Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na kuanzia hapo mto wenyewe ukaacha kuwa sababu ya kusubiri.

Barabara za ndani ni hadithi nyingine. Masika yakikolea sehemu kubwa ya bonde inageuka maji, na hayo maji ndiyo yanayolima mpunga. Familia nyingi huhamia mashambani msimu wa kilimo, mbali na kijiji, wengine wakikesha kwenye madungu kulinda mpunga. Mjamzito naye huenda, maana jembe halina likizo. Uchungu ukimshika huko usiku, safari inaanza kwa miguu au kwa mtumbwi, halafu bodaboda, halafu zahanati, halafu ndipo gari la kwenda Ifakara litafutwe.

Saa hizo ndizo zinazoweza kumgeuza mtoto anayecheza tumboni kuwa herufi FSB.

Malaria nayo ni ya hapo hapo. Bonde hili limechunguzwa kwa ajili ya malaria kuliko maeneo mengi ya Afrika. Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ya utafiti Ifakara katika miaka ya 1950, mbegu ya kile ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Vimelea vya malaria vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula na hewa hata kama mama haoni homa kali. Ndiyo maana kliniki inasisitiza vile vidonge vya SP na chandarua chenye dawa. Mama anaweza kudhani anameza kwa ajili yake mwenyewe; sehemu kubwa ya kazi ya vidonge hivyo ni kumlinda mtoto.

Aliyenyamaza si lazima awe amekufa

Turudi kwenye yale maneno ya sheria.

Mtoto anaweza kutoka tumboni akiwa amelegea, hapumui, halii, rangi imebadilika, lakini moyo wake unapiga. Kwa macho anaonekana mfu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani huyu amezaliwa hai, kwa sababu moyo kupiga, kitovu kudunda au kiungo kutikisika ni dalili za uhai sawasawa na kulia. Asipopata msaada ndani ya dakika chache, ataonekana alikuwa mfu tangu mwanzo. Na rejesta itaandikwa hivyo.

Tanzania ina ushahidi wake kuhusu hili. Mwaka 2009 yalianza mafunzo ya wakunga ya kuwasaidia watoto kupumua, yanayosisitiza dakika ya kwanza: mkaushe mtoto, msugue mgongo, na kama hapumui anza kumpa hewa kwa mfuko na kifaa cha kufunika pua na mdomo. Matokeo kutoka hospitali 8 za hapa nchini yalichapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Pediatrics. Vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Kilichowashangaza wengi ni namba ya pili. Hata wale walioandikwa FSB walipungua, kwa asilimia 24.

Fikiria hilo kidogo. Mafunzo yale hayakufundisha kufufua. Mtoto aliyekufa kweli hawezi kurudishwa kwa mfuko wa hewa. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikwa "stillborn" walikuwa hai, wamekaa kimya tu, na hakuna aliyewapa pumzi ya kuanzia.

Kwa lugha ya neno lenyewe: walikuwa "still", kwa maana ya kutulia. Na walikuwa "still" kwa ile maana ya pili pia, bado wapo.

Hapa lawama za haraka hazisaidii. Mkunga aliye peke yake zamu ya usiku, mama anavuja damu upande mmoja na mtoto amelegea upande wa pili, anafanya uamuzi kwa sekunde. Kinachomsaidia ni mazoezi ya mara kwa mara, kifaa kilicho karibu na mkono, na mwenzake wa pili chumbani.

Wasiohesabiwa

Kuna kitu kingine Ifakara inajulikana nacho duniani, hasa kwa watu wa takwimu. Tangu mwaka 1996 kumekuwa na mfumo wa kufuatilia kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 4, wakiandika nani kahama, nani kafariki, nani mjamzito, nani kajifungua.

Faida ya kuuliza ujauzito mapema ni hii: mhojaji akirudi baada ya miezi 4, tumbo halipo na mtoto hayupo, lazima aulize. Bila hivyo, mtoto aliyezaliwa mfu nyumbani anapotea kabisa. Hana kadi ya kliniki, hana cheti cha kuzaliwa, na jina mara nyingi hakupewa.

Lakini kuuliza si sawa na kujibiwa. Mwaka 2010 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara, walichapisha kwenye jarida la Social Science & Medicine utafiti kuhusu wanawake wa vijijini kusini mwa Tanzania waliopoteza mimba au watoto wachanga. Walionyesha jinsi mambo hayo yanavyofichwa, na jinsi kufichwa huko kunavyoharibu takwimu za tafiti. Mwanamke anaogopa kusemwa, anaogopa kuhusishwa na uchawi, au anaona si jambo la kumwambia mgeni mwenye dodoso.

Maneno nayo yanachangia. Ukimuuliza mama "una watoto wangapi?" atahesabu walio hai. Ukimuuliza "umezaa mara ngapi?" huenda akahesabu wote, huenda akawaruka waliozaliwa wafu. Ukimuuliza "mimba ngapi zimeharibika?" anaweza kumtaja hapo mtoto wa miezi 9 aliyefia kwenye uchungu, kwa sababu familia ilimwambia ndivyo. Na mtoto aliyelia mara moja, akatweta dakika tano na kufariki? Wengi watasema "alizaliwa mfu", ingawa kwa takwimu huyo alizaliwa hai na kifo chake ni kifo cha mtoto mchanga. Ndiyo maana dodoso nzuri haimwachii mama kazi ya kuchagua jina. Inauliza alichokiona: alilia? alitikisika? alijaribu kupumua, hata kwa muda mfupi?

Nchi zimejiwekea lengo la kufikia watoto wafu 12 au pungufu kwa kila vizazi 1,000 ifikapo mwaka 2030. Huwezi kujua umefika kama nusu ya hesabu imezikwa nyuma ya nyumba usiku.

Mama ni mzazi

Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza hakina vizuri: mzazi. Ni baba au mama wa mtu, lakini pia ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Wodi ya wazazi ni wodi yao. Na kwa maana hiyo ya pili, mwanamke aliyezaa mfu ni mzazi kamili.

Mwili wake haujui kwamba hakuna mtoto. Maziwa yatajaa siku ya pili, ya tatu au ya nne, na yatauma. Damu itaendelea kutoka. Anaweza kupata maambukizi, shinikizo la damu linaweza kupanda hata baada ya kujifungua, mshono wa upasuaji unahitaji kuangaliwa. Anahitaji mahudhurio ya baada ya kujifungua kama mwenzake aliyebeba kichanga, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu familia inaona kliniki ni ya mtoto. "Aende kufanya nini, wakati mtoto hayupo?" Anakwenda kwa ajili yake.

Kiserikali mambo hayajanyooka sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, na inaongeza siku nyingine 84 za malipo endapo mtoto atafariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa. Maneno "ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa" yanamfikiria mtoto aliyeishi kwanza. Mwajiriwa aliyezaa mfu afadhali aulize ofisini kwake kwa maandishi, mapema, na aambatishe karatasi ya hospitali. Kwa mkulima wa mpunga mjadala huu wote haumhusu. Likizo yake ni huruma ya mume, mama mkwe na majirani.

Kenya kuna shirika la kuwasaidia wazazi waliopitia haya, lilianzishwa na Wanjiru Kihusa, linaitwa Still A Mum. Hapo "still" ni ile ya darasani, "bado": bado ni mama. Jina hilo limechukua neno lenye maumivu na kuligeuza upande wa pili.

Ukirudi kliniki na mimba nyingine

Kadi ya kliniki ya mjamzito ina sehemu ya historia. Inauliza hii ni mimba ya ngapi, amezaa mara ngapi, watoto hai ni wangapi, mimba zilizoharibika ni ngapi. Mwanamke mwenye mimba ya pili ambaye wa kwanza alizaliwa mfu akiwa na wiki 28 au zaidi anapaswa kuandikwa: mimba ya 2, amezaa mara 1, watoto hai 0.

Akinyamaza, au mtu aliyemsindikiza akajibu kwa niaba yake "hii ndiyo ya kwanza", anaandikwa kama mgeni wa uzazi. Mkunga hatajua kwamba ana mwanamke aliyewahi kuzaa mfu, jambo ambalo lingemfanya amfuatilie kwa karibu: kurudia kipimo cha kaswende, kupima presha kila hudhurio, kufuatilia ukuaji wa mtoto, kupanga mapema ajifungulie hospitali na si zahanati.

Kama hujui uiteje ile ya kwanza, usihangaike na jina. Eleza kilichotokea. "Mimba ilikuwa na miezi 8. Niliacha kumsikia akicheza siku 2 kabla. Alipotoka hakulia." Au, "Uchungu ulianza shambani jioni, tukafika asubuhi, mtoto alitoka hapumui." Sentensi kama hizo zinampa mkunga habari nyingi kuliko herufi yoyote, na zinamwonyesha kama tatizo lilikuwa la ujauzito au la safari. Kama ile karatasi ya ruhusa ipo, nenda nayo, hata kama imechanika.

Na kwa mimba iliyopo sasa hivi: ukizoea mtoto wako anavyocheza, halafu akapunguza ghafla au akaacha, ni siku hiyo hiyo ya kwenda kituoni, usisubiri tarehe ya kliniki. Kwa anayeishi Ifakara mjini ni mwendo wa bajaji. Kwa aliye shambani mwezi Aprili, maji yakiwa yamejaa, safari ianze kupangwa wiki kadhaa kabla ya siku za kujifungua: nani ana pikipiki, nani ana mtumbwi, na ndugu gani wa mjini atampokea akae karibu na hospitali.